Kiwango cha floraidi kiandikwe kwenye bili ya maji Arusha: ndiyo au hapana?

Mleta mada, Ngaramtoni

Wakuu, hoja yangu ni moja. Kila bili ya maji Arusha mjini na Arumeru ionyeshe kiwango cha floraidi cha eneo la mteja (madini yaliyomo kwenye maji, ambayo yakizidi hutia meno madoa ya kahawia), pamoja na tarehe sampuli ilipochukuliwa. Mwaka 1974 nchi ilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita, kwa sababu vyanzo vingi vya vijijini visingefikia kipimo kikali zaidi. Kikashuka hadi 4, na tangu 2018 kiwango cha TBS, shirika la viwango, ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Mamlaka ya maji inapima na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inasimamia. Anayekunywa ndiye asiyeambiwa. Mtu anayelipia uniti ana haki ya kujua kilichomo ndani ya uniti hizo.

Mhandisi wa maji

Napinga, na sababu yangu ni mtandao wenyewe. Maji ya Arusha hayana chanzo kimoja: kuna chemchemi za Meru, kuna visima virefu, na yanachanganywa kwenye matangi ili chanzo chenye floraidi kidogo kizimue chenye nyingi. Chukua sehemu 4 za maji yenye 0.5 na sehemu 1 yenye 6: unapata 1.6. Umeme ukikatika kwenye visima vile vizuri, zikabaki sehemu 2 tu, mtaa uleule unapata 2.3 jioni hiyohiyo. Kwenye bili utaandika ipi? Namba moja kwa mwezi mzima itamdanganya mteja.

Mpimaji, maabara

Mhandisi, hesabu yako ni sahihi, ila ndiyo inayoipa nguvu hoja ya mleta mada. Andika kipimo cha juu kabisa kilichopatikana katika miezi 3, kwa kila tangi. Wastani unaficha siku mbaya, na mwili haunywi wastani.

Halafu sampuli ichukuliwe inavyotakiwa. Chupa iwe ya plastiki, kwa sababu floraidi hushambulia kioo. Isuuzwe mara 3 kwa maji yaleyale, bomba liachwe litiririke kwanza, na saa iandikwe. Vipimo vya rangi vya kubeba mkononi vinapotosha maji yakiwa na mabaki ya shabu (chumvi ya alumini ya kusafishia maji), maana alumini hushikana na floraidi. Elektrodi, yaani kipimo cha umeme kinachotumbukizwa kwenye maji, ni bora, lakini nayo inahitaji kemikali ya kuiachanisha floraidi kabla ya kusoma. Ukiruka hatua hiyo, namba inatoka ndogo kuliko ukweli.

Mnunuzi wa dumu, Sakina

Mimi naogopa kitakachofuata. Mtu akisoma 2.3 ataacha bomba. Mwenye uwezo atanunua maji ya chupa, na plastiki itarundikana mitaroni. Asiye na uwezo atarudi mtoni. Kipindupindu kinaua kwa saa chache, floraidi inachukua miaka. Namba bila maelekezo ni hatari.

Tabibu wa meno

Dada wa Sakina ana hoja, na jibu lake ni kusema nani yuko hatarini zaidi. Meno ya mbele ya utu uzima hujengeka ndani ya ufizi tangu uchanga hadi karibu miaka 8. Madoa ya kahawia yakishaingia kwenye jino linalojengeka hayatoki kwa mswaki. Kwa hiyo maji yenye floraidi kidogo yakiwa machache nyumbani, yaende kwanza kwenye uji, maziwa ya kopo na maji ya kunywa ya watoto. Kufua na kuoga tumieni ya bomba bila wasiwasi.

Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki palepale. Lita 5 zenye 4, zikichemka hadi kubaki lita 4, zinakuwa na 5. Klorini haiiondoi. Chujio la mshumaa haliiondoi. Wanaouza vyombo hivi kama tiba ya meno ya kahawia wanawaibia watu, na hapo FCC, tume ya ushindani, ina kazi ya kufanya.

Na magadi jamani! Moshi inapata maji ya chemchemi kama Shiri na Nsere, mazuri kwa floraidi, lakini makande na maharage yanayolainishwa kwa magadi yanairudisha floraidi mezani. Bili haitalionyesha hilo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa mapya. Magadi hayahitajiki.

Fundi wa mkaa wa mifupa, Usa River

Chujio linalofanya kazi hiyo lipo, na Kituo cha Ngurdoto kimeshughulika nalo miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500. Moto ukiwa mdogo mafuta yanabaki, maji yanatoka ya njano yenye harufu. Ukizidi, au hewa ikiingia sana, mfupa unakuwa mweupe na nguvu ya kunasa floraidi inashuka. Unaotakiwa ni mweusi au wa kijivu, uliosagwa chenga na kuoshwa hadi maji yatoke meupe.

Watu wanapokosea ni kuusahau ndoani. Mkaa huu unashiba. Tuseme gramu moja inanasa miligramu 2: kilo 10 zitanasa miligramu 20,000. Maji ya 6 ukiyashusha hadi 1, kila lita inakula 5, yaani lita 4,000. Familia ya lita 20 kwa siku inafika siku 200, kisha floraidi inapita kimyakimya, maana haina ladha wala rangi. Ndiyo maana naunga mkono namba kwenye bili: bila kujua ni 3 au 6, siwezi kumwambia mteja lini abadilishe mkaa.

Mleta mada, Ngaramtoni

Nimewasikia. Narekebisha: kipimo cha juu cha miezi 3, jina la tangi, na sentensi mbili chini yake. Ya kwanza iseme watoto chini ya miaka 8 wapewe maji gani, ya pili kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Wakati tukisubiri, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi, na mwenye taarifa ana siku 30 za kujibu. Taja tangi na miezi unayoitaka. Ukiuliza "maji yetu ni salama?" utajibiwa ndiyo.

Mhandisi wa maji

Kwa tangi nakubali, linapimika. Lakini skimu za vijijini zilizo chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, zinaendeshwa na jumuiya za watumiaji maji kwa fedha ya ndoo, na hakuna bili ya kuandikia chochote. Huko ndiko floraidi iliko juu zaidi. Nani analipia kipimo?

Mpimaji, maabara

Kwa skimu ya chanzo kimoja, vipimo viwili kwa mwaka, kiangazi na masika, vinatosha kuanzia. RUWASA ibebe gharama, na namba ipakwe kwa rangi ukutani pale pa kuchotea, juu ya bei ya ndoo.