Plagini ya kusafisha sauti ya msimulizi: za bure, za ndani ya Resolve, au ninunue RX?

Msimulizi_Moro

Habari za leo wakuu,

Nahariri video za mafunzo ya kilimo hapa Morogoro, na simulizi nasoma mwenyewe. Natumia DaVinci Resolve ya bure kwenye laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 8, na maiki ya USB. Chumba ni kuta tupu, sakafu ya saruji, juu mabati. Feni siwezi kuizima mchana, joto lenyewe mnalijua. Wiki iliyopita mteja alinirudishia video ya dakika 12 akasema sauti inatoka ndani ya pipa. Iliniuma, maana maandishi yake niliyahangaikia siku tatu.

Nina kama laki tatu ya kununua plagini (programu ndogo ya nyongeza inayofanya kazi ndani ya Resolve). Nalinganisha hizi:

- za bure: ReaPlugs za Cockos pamoja na TDR Nova
- zilizomo humo humo kwenye Resolve, au nijibane nilipie Studio, toleo la kulipia, kwa ajili ya Voice Isolation inayotenga sauti ya msemaji na kelele
- za kulipia: iZotope RX Elements au Waves Clarity Vx

Aliyetumia zaidi ya moja naomba anieleze tofauti aliyoisikia kwa masikio yake, si bei tu.

Fundi_wa_Kisauni

Kaka, pesa iache mfukoni kwanza. Una magonjwa mawili na kila moja lina dawa yake. Feni ni kelele: inavuma vilevile mwanzo hadi mwisho, na kitu kisichobadilika plagini inakikamata kirahisi. Pipa alilolisema mteja wako ni mwangwi. Sauti yako inapiga ukuta na saruji, inarudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo. Kwa plagini ya kuondoa kelele huo mwangwi ni wewe yule yule unayeongea, kwa hiyo itaupitisha. Za kuondoa mwangwi zipo, RX wanayo, ila ukiikaza sana kwa chumba kama chako sauti inabaki nyembamba kama ya simu.

ReaPlugs nimekaa nazo miaka mingi. Ni za Windows peke yake, nyepesi, GB 8 haitasikia uzito. Kwa feni tumia ReaFIR. Chagua Subtract, weka tiki kwenye kile kisanduku cha kujenga sampuli ya kelele, cheza sekunde mbili za feni tupu bila wewe kuongea, halafu ondoa tiki. Wengi husahau hapo, plagini inaendelea kujifunza hadi kwenye maneno, baadaye wanasema ReaFIR inakula sauti. Ndiyo maana kila rekodi naianza kwa kukaa kimya sekunde tano.

Mpangilio nao una maana. Punguza kelele kwanza, kisha ekwalaiza, ya kupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba (kata chini ya 80 Hz, punguza kidogo kati ya 200 na 400 Hz kama sauti ina tope), ndipo kompresa ya 3 kwa 1 (inapunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), mwisho limita inayozuia vilele visipite kiwango. Ukitanguliza kompresa unainyanyua feni pamoja na sauti, kisha unaanza kuhangaika kuishusha tena.

TDR Nova ni ekwalaiza inayofanya kazi pale tu sauti inapozidi. Mimi naitumia kwa "s" na "sh" zinazochoma, huko kwenye 5 hadi 8 kHz. Neno kama "mashambani" linatulia bila simulizi nzima kuwa butu.

Nairobi_Mhariri

Mbona mnajichosha? Mimi naingiza faili Adobe Podcast kwenye intaneti, Enhance Speech inasafisha kelele na mwangwi kwa pamoja, napakua. Haina kujifunza chochote.

BintiMakunduchi

Kaka wa Nairobi, na mimi nilianza hivyo hivyo, na kwa mwangwi kweli inashangaza. Lakini sikiliza maneno yenyewe. Nilikuwa na simulizi inayoanza "Mtu akifika ufukweni". Baada ya kusafishwa ikawa "tu akifika". Ile "m" ya mwanzo inatamkwa midomo imefungwa, haina irabu, mashine ikaiona kama mvumo ikaifuta. Niliicheza mara nne nikidhani ni spika zangu.

Na mwisho wa neno vilevile. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile ya mwisho hushuka. "Walipokuwa" inabaki "walipokuw". Geti (inayofunga sauti ikishuka chini ya kiwango) na visafishaji vikali vyote vina tabia hii, si Adobe peke yake. Kwa Kiswahili hili ni kubwa, kwa sababu hiyo "m" ndogo ndiyo inayomwambia msikilizaji ni mtu au ni kitu, ni mti au ni miti.

Kwa hiyo kila plagini naipima kwa sentensi moja kabla ya kuiamini. Kaka Moro, kwa video zako jaribu hii: "Mkulima mmoja alipanda mpunga mbele ya mto." Ina mk-, mm-, mp-, mb-, mt-, na kila neno linaishia kwa irabu. Ikitoka nzima, plagini inafaa. Ikimeza hata moja, rudisha mkono nyuma. Enhance Speech ina kitelezi cha nguvu. Usiiache kwenye mia, changanya na sauti ya asili.

Nairobi_Mhariri

Dada, nimeenda kusikiliza kazi yangu ya juzi kwa hedifoni. "Mbegu" imekuwa "begu" mara mbili. Asante kwa kunifungua masikio, naifanya upya leo.

Mzee_wa_Ruwi

Salaam kutoka Muscat. Huku adui ni kiyoyozi, miezi mingi hakizimwi. Nina RX na nina Clarity Vx, nazitumia kwa simulizi za Kiswahili na Kiarabu.

Clarity Vx ni kitufe kimoja kikubwa, unazungusha hadi kelele ipungue. Kwa mwenye haraka hakuna rahisi kuliko hiyo. Nikipita nusu, mwisho wa maneno unaanza kulegea kama alivyosema binti. Voice De-noise ya RX inataka uvumilivu zaidi, lakini naiachia kiasi cha kelele kibaki, na sauti inabaki ya binadamu. Elements inayo hiyo na De-hum pia. Kinachonifanya nisiiache RX ni ile picha ya sauti: jogoo akiwika katikati ya sentensi unamwona amesimama kama mistari, unamzungushia, unamfuta. Hiyo iko kuanzia toleo la Standard, Elements haina.

Kijana wangu, feni haina haja ya RX. Inunue siku utakapoanza kurekodi shambani, penye bodaboda na upepo.

Fundi_wa_Kisauni

Naongeza kuhusu Resolve yenyewe. Ukurasa wa Fairlight, ule wa sauti, wa toleo la bure una Noise Reduction, De-Esser (ya "s" zinazochoma), De-Hummer (ya mvumo wa umeme) na Vocal Channel. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo ukisikia mvumo wa kebo, De-Hummer iweke 50, si 60. Voice Isolation ni nzuri, lakini Studio ni dola 295, laki tatu haifiki hata nusu, na inataka kompyuta yenye nguvu kuliko hiyo.

Na maiki isogeze karibu, shubiri moja hadi moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Kwetu Mombasa pumzi ya "p" ndiyo inayotenganisha paa la nyumba na paa mnyama, kwa hiyo tunapiga maiki kweli kweli.

Msimulizi_Moro

Nimerudi na majibu. Jana usiku nimesimamisha godoro nyuma yangu, blanketi mbili ukutani mbele, maiki shubiri moja. Feni niliiacha makusudi. Nikasoma sentensi ya dada mara tatu.

ReaFIR: kelele imeisha karibu yote, "mkulima" nzima, "mto" nzima. Nilipoishusha sampuli kidogo hata ule mlio kama wa chini ya maji uliokuwa unasikika nyuma ya maneno ukaondoka. Noise Reduction ya Resolve ikijiendesha yenyewe: safi zaidi kwenye vituo, lakini "mm" ya "mmoja" imekatika mara moja kati ya tatu. Adobe kwenye mia: "kulima moja alipanda punga." Nilipoishusha hadi nusu maneno yalirudi.

Pipa limeondoka kabla sijafungua plagini yoyote. Nimemtumia mteja dakika mbili za mwanzo, ameniambia niendelee.

Limebaki moja: sauti ya mwisho niitoe kwa kiwango gani kwa YouTube?

BintiMakunduchi

Lenga LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), vilele visizidi desibeli -1. Ukizidisha YouTube wanaishusha, ukiwa chini sana hawakupandishii, mtazamaji ndiye anayehangaika na simu yake. Youlean Loudness Meter ina toleo la bure, iweke ya mwisho kabisa baada ya limita, ucheze video nzima usome namba ya jumla. Usisome ya sekunde ile.