Tumeuziwa sura ya mashine za zamani, ndani ni zinki tupu

Wadau, salaam aleikum. Ijumaa asubuhi nilikuwa uani nanyoa niwahi msikitini. Nikakaza mpini wa mashine ya kunyolea robo mzunguko tu, ukabaki mkononi peke yake. Skrubu imekatika: kipande kimekwama ndani ya mpini, kofia imeangukia kwenye beseni pamoja na wembe. Nikapatazama pale palipokatika. Chengachenga za kijivu, kama chokaa kavu iliyopondwa. Hiyo ni zinki ya kumimina, ikapakwa kromu juu ing'ae!

Mashine yenyewe ina miezi 7. Niliinunua Mombasa kwa shilingi 3,500, na muuzaji aliniapia kuwa ni chuma kitupu, “mtindo wa zamani”. Nilipompigia simu akaniuliza kama naiweka chooni penye unyevu. Sasa mashine ya kunyolea iwekwe wapi?

Ya babu imekaa kidaka cha chooni tangu baba hajazaliwa. Nyumba yetu iko Lamu mjini, hatua chache kutoka baharini, na chumvi ya hapa inakula misumari, makufuli na bawaba. Ile haikuliwa, kwa sababu ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli. Nikeli imetoka pale vidole vinaposhika, shaba inaonekana, lakini skrubu ingali inaingia laini bila kukwaruza. Nimeitumia tangu ndevu ziniote mpaka mwaka jana, ilipomwendea kaka yangu mkubwa Malindi. Ni haki yake, sina neno. Ndipo nikaingia sokoni kutafuta nyingine, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kuna watakaosema mambo yamesonga mbele, ninunue za kisasa. Yamesonga wapi? King Camp Gillette alipewa hataza ya mashine hii, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani Novemba 1904, na kazi ilikuwa imekwisha. Vipande vitatu: kofia, bamba na mpini. Wembe ni kikaratasi cha chuma, unene wake sehemu moja ya kumi ya milimita, ukiushika unanepa. Lakini ukikaza mpini, kofia na bamba vinaubana katikati, unajikunja kama tanga lililoshika upepo, na kule kukunjika ndiko kunakoufanya ukakamae usitetemeke juu ya ngozi. Hakuna springi wala plastiki. Ukiutikisa kwenye maji nywele zote zinatoka.

Baadaye zikaja za kufunguka juu kama milango miwili, na mwishoni mwa miaka ya 1950 zenye namba za kurekebisha wembe utokeze kiasi gani. Nzuri, lakini kunyoa ni kule kule. Kilichoboreka kweli ni wembe wenyewe. Za zamani zilikuwa zikishika kutu upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wilkinson Sword ya Uingereza ikawaamsha wenzake kwa nyembe za chuma kisichoshika kutu. Na wembe huo mpya uliingia kwenye mashine ile ile ya babu! Hata leo wembe wa Misri, wa Urusi au wa India unaingia. Nyembe 5 dukani hazifiki shilingi 100.

Hicho ndicho kilichowauma watengenezaji. Wembe wowote kuingia mashine yoyote hakuna faida kubwa. Mwaka 1971 zikaja nyembe mbili kwenye kichwa kimoja cha plastiki, 1998 tatu, 2006 tano. Kichwa cha huyu hakiingii mpini wa yule, kwa hiyo ukishanunua mpini umefungwa. Nilizitumia miaka miwili nikiwa kazini Nairobi, ya babu nimeiacha nyumbani. Vichwa vinne shilingi 1,400, na nywele zinaganda katikati ya nyembe hata uzigongegonge vipi.

Na shingo! Wembe wa kwanza unauvuta unywele, wa pili unaukata chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huenda ikawa sawa. Zetu zimejikunja, zikianza kuota zinageuka na kuchoma ngozi kwa ndani. Nilitoka vipele toka sikio hadi sikio, vingine vina usaha, nikiinama kusujudu kola inavikwaruza. Niliporudi kwenye wembe mmoja vikakauka vyenyewe bila dawa.

Kwa hiyo nauliza, na nina haja kweli. Kuna fundi wa kukereza Lamu, Malindi au Mombasa anayeweza kunitengenezea skrubu ya shaba niitie kwenye kofia hii? Na kama kuna aliye na mashine ya marehemu babu yake imelala sandukuni na haitumii, aniandikie. Nitavuka maji hadi Mokowe, upande wa bara, nipande basi mpaka alipo. Ila nitaifungua na kuitazama skrubu kabla sijatoa pesa.