Naomba ushauri: wivu unanila hata nikiwa kanisani

Shalom wapendwa. Nina miaka 38, nashona nguo hapa Morogoro. Mwenzangu tulianza naye mwaka 2014, kibaraza kimoja, cherehani mbili za kukodi. Leo ana duka la vitenge, nyumba ameshapaua, watoto wanachukuliwa na basi la shule. Mimi bado nimepanga chumba na sebule. Hajanikosea kitu, hata pasi ya mkaa ninayotumia alinipa yeye.

Tunaimba naye kwaya, sauti ya pili, bega kwa bega. Akija amevaa kipya, wimbo unanipotea. Juzi mteja alimrudishia gauni, nikafurahi. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Nimefunga siku tatu. Nimejitoa kundi la WhatsApp la kwaya nisione picha zake. Nikaanza daftari la shukrani, mambo matatu kila usiku. Halikumaliza wiki mbili (siku ya nne nilishaandika "maji yametoka" mara ya pili). Zaburi ya 73 naisoma sana: mtunzi wake Asafu naye aliona wivu, akaja kuelewa alipoingia patakatifu pa Mungu. Ila yeye aliwaonea wivu waovu, na huyu wangu ni mtu mwema. Tena patakatifu ndipo ninapokutana naye!

Mliopitia haya, nisaidieni: nimwambie ukweli, au niyamalize na Mungu kimya kimya? Na shukrani mliifanyaje mpaka ikatoka moyoni, isiwe ya mdomo tu?