Kurahisisha mitajo ya aljebra: kijana anakwama kwenye mabano

Mjomba wa Makorora
Wanajukwaa, habari za leo. Ninaomba msaada kwa ajili ya mpwa wangu, ambaye ameanza kidato cha kwanza hapa Tanga mwaka huu. Hesabu za namba tupu hazimsumbui, ila akiona herufi anapotea. Alipewa arahisishe 7a − 2(a − 3) + 4. Kwanza aliandika 5a − 2. Nilipomwambia arudie akaleta 15a, tena akanionyesha kwamba a ikiwa 1, swali na jibu lake vyote vinatoa 15. Ninajua jibu ni 5a + 10, lakini kumweleza kwa nini lake si sahihi ndiko kulikonishinda.

Mwalimu wa Ngamiani
Mjomba, hapo pana makosa mawili tofauti. La kwanza ni la mabano: kinachozidisha kila kilichomo ndani si 2 bali ni −2, kwa hiyo −2 mara a ni −2a, na −2 mara −3 ni +6, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Kijana aliipeleka alama ya kutoa kwa a tu, akaiacha ile ya 3 kama ilivyokuwa. Aandike mstari mzima, 7a − 2a + 6 + 4, kabla ya kujumlisha chochote.

La pili ni kujumlisha visivyofanana. Watoto huambiwa kwamba machungwa hayajumlishwi na mapapai, na mimi mfano huo siupendi, kwa sababu unamfanya mtoto aamini kwamba a ni jina la tunda, ilhali a ni namba. Sema chungwa moja pale soko la Mgandini ni shilingi a. Ukinunua matano pamoja na mfuko wa shilingi 100, unalipa 5a + 100. Chungwa likipanda bei, mfuko haupandi nalo, ndiyo maana huwezi kuandika 105a.

Mdau wa Pongwe
Niongeze kuhusu kupima jibu. Wazo la kijana ni zuri, ila 1 ni namba mbaya ya kupimia, kwani huficha tofauti kati ya 5a + 10 na 15a, na hata kati ya a na a². Aweke 5: swali linatoa 35 − 4 + 4, yaani 35, na 5a + 10 inatoa 35 vilevile, lakini 15a inatoa 75 na 5a − 2 inatoa 23. Majibu yakilingana kwa namba moja bado hujathibitisha. Yakitofautiana, jibu limekwisha kuanguka.

Msomaji wa Raskazone
Mchunguzeni pia na MAGAZIJUTO, yaani ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Wapo wanaodhani kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa, wakati viwili hivyo vina hadhi moja na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto. Mpe 10a − 4a + 3a.

Mjomba wa Makorora
Ninawashukuru sana. Nimempa, akaandika 3a papo hapo. Tulipofuata kutoka kushoto akaipata 9a mwenyewe. Sasa anauliza kama 3a + 2a² ni 5a².

Mwalimu wa Ngamiani
Hapana. Vipeo (namba ndogo ya juu, kama 2 katika a²) vikitofautiana, sehemu hizo hazifanani hata kama herufi ni moja. Atumie ile 5 ya mdau wa Pongwe: 15 na 50 ni 65, ilhali 5a² ni 125. Auache mtajo huo ulivyo.