Mrina asali mzoefu naye afunge mkanda? Tujadili kabla ya msimu

Mtoa mada, Sikonge

Wakuu, mwangaluka.

Kikundi chetu cha warina asali tuko 31 na tumegawanyika katikati. Hoja iliyo mezani ni moja: kuanzia msimu huu asipande mtu mtini bila mkanda wa mwili mzima na kamba, hata kama amerina miaka 30. Vijana wamekubali. Wazee, ambao ndio waliotufundisha kazi, wanasema tunawavunjia heshima. Mimi nina misimu 19 na ninaiunga mkono sheria hii. Nieleze kwanza, halafu mnipinge.

Mwaka jana mwezi wa saba tulikuwa kambini siku ya nne. Aliyepanda ni mwenzetu ambaye kwa kurina anatuzidi wote, na mimi nilikuwa chini nimeshika kamba ya ndoo. Mzinga wa gogo, mti wa mtundu, kimo kama mita tisa, usiku wa giza. Alikuwa ameshafungua mfuniko na kushusha ndoo ya kwanza. Nimeipokea, nimeinama kuiweka chini, nikasikia kitu kimekatika. Halikuwa tawi alilokalia. Lilikuwa lile la kukanyagia mguu wa kushoto, alilolikanyaga misimu yote tangu mzinga ule utundikwe. Mwenge ulipita mbele ya macho yangu na yeye akafika pamoja nao. Hakupiga kelele. Kilichonitisha ni ule ukimya, maana nyuki walikuwa wanamla usoni na mikono yake haikuinuka kuwafukuza.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Tulimfunga kwenye fito na shuka, tukambeba hadi njia ya baiskeli, pikipiki tukaipata kumekucha. Siku hizi anatembea kwa gongo na kazi yake ni kuchuja asali tunayorina sisi.

Mtu akianguka kutoka mita 10 anafika ardhini kabla sekunde moja na nusu haijaisha, akiwa na mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni sawa na kugongwa na gari mtaani. Miaka 30 ya kupanda miti inapata wapi nafasi ya kumsaidia hapo?

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa askari wa miavuli, na baada ya kustaafu ameruka mara nyingi na vilabu vya kiraia huko nje. Nilipomweleza ubishi wetu aliniambia wao waliumaliza zamani, tena baada ya kuzika watu. Kuna kifaa kinachokaa ndani ya mfuko wa mwavuli na kupima kasi na kimo. Mrukaji akifika karibu mita 225 juu ya ardhi bado anaporomoka kwa kasi ya zaidi ya mita 35 kwa sekunde, chenyewe kinakata kitanzi kinachobana mwavuli wa akiba. Kiitwacho CYPRES kilitoka Ujerumani mwaka 1991. Kabla yake vilikuwepo vingine, lakini wazoefu waliviona ni vya wanafunzi na waliviogopa: vinaweza kufungua mwavuli wakati usiofaa. Wengi walisema, "Mimi najua kuvuta mwenyewe." Walijua kweli. Lakini anayejua kuvuta naye hugongwa kichwa na mwenzake angani akapoteza fahamu, au hupambana na mwavuli mkubwa uliojisokota mpaka akasahau ardhi iko wapi. Leo kwa mrukaji mzoefu kukivaa ni jambo la kawaida, na hakuna anayemwita mwanafunzi.

Jeshini, anasema, kabla mlango wa ndege haujafunguliwa kila mmoja hukaguliwa na mtu mwingine, cheo hakiulizwi. Hapo ndipo ninaposimama. Karibuni.

Mzee wa Kaliua

Mwanangu, pole kwa mwenzenu. Nimesoma yote na sikubaliani na wewe, wala si kwa kiburi.

Umezungumza kuhusu kuanguka, hukuzungumza kuhusu nyuki. Nyuki akichoma anaacha mwiba, na penye mwiba panatoka harufu kama ya ndizi mbivu. Hiyo harufu ndiyo inayowaita wengine. Kutoka mwiba wa kwanza hadi mia huna hata muda wa kusema neno. Mrina ambaye mzinga umemkataa ana dawa moja tu, nayo ni kushuka. Mimi yamenikuta. Nilikumbatia shina nikateleza, kifua na mapaja vikachunika, lakini nilifika chini nikakimbia. Ningekuwa nimefungwa kwa ndoano mbili tatu, vidole vimevimba, macho yamefumba, nani angenifungua? Hao wa miavuli hawana nyuki angani.

La pili, mwenge. Kamba hizi za dukani ni plastiki. Cheche moja ikitua, kamba unayoitegemea inakuwa uzi.

La tatu, na hili linaniuma: mti huulizwa. Sisi tulifundishwa kuugonga kwa kisigino cha shoka na kusikiliza, kutazama majani ya tawi kama yamechelewa kuchipua, kuangalia mchwa wamepita upande gani. Mkimpa kijana kamba ataacha kuuliza. Atapanda mti wowote kwa sababu amefungwa.

Mchangiaji, Urambo

Naunga mkono hoja. Kaka yangu alianguka mwaka 2016. Hayupo. Sina zaidi.

Mwalimu, Tabora mjini

Mzee ameshika penyewe. Bill Booth, Mmarekani aliyebuni zile pete tatu za kuachia mwavuli mbovu, anajulikana kwa kanuni yake: kadiri vifaa vinavyokuwa salama zaidi, ndivyo warukaji wanavyojitafutia hatari mpya, na vifo vinabaki palepale. Kwa upande wa hatari mpya, ndivyo ilivyokuja kuwa. Marekani sehemu kubwa ya wanaokufa hufa mwavuli ukiwa wazi na mzima juu ya vichwa vyao, mara nyingi kwa sababu walikata kona kali karibu na ardhi wakitafuta kasi. Wengi wao ni wazoefu, wenye miavuli midogo ya kasi.

Yule Felix Baumgartner wa Austria aliruka kutoka karibu kilomita 39 tarehe 14 Oktoba 2012, siku yetu ya Nyerere, akashuka salama. Tarehe 17 Julai 2025 alikufa Italia akiruka kwa mwavuli wenye injini, mchezo mdogo kuliko ule. Vifaa havikutosha. Msije mkatumia fedha za kikundi kununua kujiamini.

Fundi wa minara ya simu, Nzega

Mimi nafunga mkanda kila siku, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Mzee wangu, hofu yako ya kufungwa juu ni ya haki kabisa, na kikundi kikinunua vibaya itatimia. Wengi wananunua mkanda wa kiunoni kwa kuwa ni rahisi. Huo unafaa kukuegemeza kwenye nguzo, lakini ukianguka nao unaweza kukuvunja mgongo au ukachomoka kichwa chini. Marekani waliukataza kama kinga ya kuanguka tangu tarehe 1 Januari 1998. Chukueni wa mwili mzima, wenye kupita mapajani na mabegani. Hata huo una mtego wake: ukining'inia miguu haisogei, damu inatuama chini, na dakika chache zinatosha kuzimia. Kwa hiyo anayebaki chini lazima awe na njia ya kumshusha wa juu. Kamba isiyo na njia ya kushukia ni nusu ya kazi.

Njia ipo. Kipo kichuma chenye umbo la nane. Kamba inapita humo, ukikaza mkono unasimama, ukilegeza unashuka. Mita tisa nashuka kwa sekunde tano au sita bila kuchunika kifua, na huhitaji kufungua ndoano yoyote. Kamba ikipitishwa juu ya tawi kubwa na wa chini akaishika kupitia kichuma hicho, yeye ndiye anakushusha, hata kama macho yako yamefumba.

Kuhusu moto mzee umesema kweli. Kamba za plastiki nyepesi, zile za kufungia mizigo, huyeyuka karibu nyuzi 160. Nailoni huvumilia zaidi ya 200, na cheche bado inaiharibu. Katani yetu haiyeyuki, lakini inaungua na inaoza kwa ndani. Achaneni na mwenge mnapopanda na kamba, tumieni bomba la moshi la kutulizia nyuki. Na kamba ikaguliwe: ishike kwa mikono miwili, izungushe kinyume mpaka nyuzi zifunguke, chungulia ndani. Ukiona vumbi au ukinusa ukungu, ikate vipande ifungie mbuzi. Usiitunze "kwa dharura", maana dharura ndiyo siku utakayoishika.

Mama mfuga nyuki, Ipole

Wote mnabishana mtu afungweje juu. Mimi nauliza, mzinga unafanya nini huko juu?

Mtasema nyegere. Nyegere anapanda miti, wote tunajua. Kinachomshinda ni mzinga unaoning'inia peke yake kwa waya, hana pa kushikilia. Mizinga yangu ni ya masanduku yenye vibao vya kujengea masega, inaning'inia hivyo kimo cha kifua, na nyegere amekuja mara mbili, nimeona nyayo, ameondoka. Mtasema moto wa msituni. Mimi nafyeka na kufagia chini ya mizinga kila mwezi wa tano kabla nyasi hazijakauka.

Sisi wanawake tuliambiwa kurina si kazi yetu kwa sababu ya kupanda. Mzinga uliposhuka, tukaingia. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi. Mimi siishushi kutoka popote, naibeba tu.

Mtoa mada

Nimewasoma mara mbili, na usiku nimempigia shemeji.

Mama wa Ipole, kwa mizinga mipya umenishinda. Nitapendekeza kikundi kisitundike tena mzinga wowote juu ya kimo cha mtu. Lakini tuna mizinga zaidi ya mia tatu iliyoko juu tayari, mingine ya marehemu baba zetu, ina nyuki na ina asali. Mwezi wa sita mtu ataipanda. Huyo ndiye ninayemzungumzia.

Mwalimu, habari ya Booth nilimuuliza shemeji. Hakubisha. Alisema wenzake wawili aliowazika walikuwa na miavuli mizima. Ila aliniuliza swali lililonikaa: kama vifaa vinawapa watu ujasiri wa kucheza, mrina anacheza nini kule juu? Mrukaji anakata kona kwa sababu anaipenda ile kasi. Mimi sijawahi kumwona mrina anayetafuta raha juu ya mtundu saa sita ya usiku. Tunapanda kwa ajili ya ada za shule. Kanuni ile ni ya mchezo, na kwetu naona inagusa sehemu moja tu, ile aliyoitaja Mzee wa Kaliua: kijana kuacha kuuuliza mti.

Na hapo mzee, nakubali bila kubakiza. Sheria ikiandikwa, iandikwe hivi: mti ukaguliwe kwanza na mzee, kwa shoka na kwa macho, na neno lake likiwa hapana, hakuna kupanda hata ukiwa na mikanda kumi. Kisha mzee naye akaguliwe mkanda wake na kijana kabla mguu haujaacha ardhi. Sioni fedheha iko wapi. Mwenzetu aliyevunjika nyonga aliuuliza ule mti. Nilikuwepo, aliugonga, ulimjibu vizuri shinani. Tawi la mita tisa juu hakuweza kuligonga akiwa chini.

Hofu ya nyuki ndiyo iliyobaki, na fundi ametoa jibu ambalo sikulijua. Sikuwahi kufikiria kamba ya kumshusha mtu, nilifikiria ya kumzuia tu.

Mzee wa Kaliua

Sekunde sita anasema fundi wa minara. Mnara hauna matawi. Kamba itanasa. Na wa chini naye atakuwa anachomwa, ataiachia akimbie. Hilo mmelifikiria?

Fundi wa minara ya simu, Nzega

La kunasa ni kweli, mzee. Kamba ipite upande uliosafishwa matawi, na hilo lifanywe mchana. La wa chini: avae nguo kamili na wavu usoni kuliko hata wa juu. Wengi mnamvalisha wa juu na wa chini anabaki na fulana.

Mtoa mada

Usiku ule mimi nilikuwa na fulana.

Mzee, swali lako halijibiwi kwa maandishi. Jumamosi saa mbili asubuhi tutajaribu kwenye mti wa mtundu ulio nyuma ya stoo ya kikundi, mita nane, matawi yake yote. Fundi amekubali kuja na mkanda wake na kamba mbili. Nitapanda mimi, nitafumba macho kwa kitambaa, na atakayenishusha ni yule mwenzetu wa gongo, ameketi kwenye kigoda, kamba imezungushwa kwenye chuma. Yeye mwenyewe ameomba. Nakuomba uje, mzee, nauli ya basi nitatuma. Uugonge mti kwanza, halafu ushike saa. Kama nikinasa, au nikichelewa kuliko ulivyoteleza wewe, nitasimama mkutanoni niiondoe hoja mwenyewe.