Kwa nini huko Samoa watu wamejazana Upolu na kisiwa kikubwa kiko hapo jirani?

Mwana_Kibokoni
Salaam wadau. Juzi barazani baada ya kutazama raga ya wachezaji saba, Samoa, ile nchi ya visiwa huko Bahari ya Pasifiki, walikuwa wanacheza, kukazuka ubishi hadi mwenye duka akatuzimia taa. Ami mmoja ashikilia Samoa ni sehemu ya New Zealand, mwengine asema wapi, ile ilikuwa ya Mjerumani kama Tanga. Mimi nikafungua simu nikatazama ramani, naona visiwa viwili vikubwa, Savai'i na Upolu. Sa kinachonishinda ni hiki, Savai'i ni kama kilomita za mraba 1,700 na Upolu ni 1,100 na kitu, lakini kati ya watu laki mbili na ushee wa nchi nzima karibu robo tatu wako Upolu. Yaani watu wamekiacha kikubwa wakenda kubanana kwenye kidogo, kwa nini? Na vyote ni volkano ama kimoja ni cha matumbawe kama huku kwetu? Anayejua anieleze, lakini msiniletee maneno ya kukariri darasani.

Maalim_Majengo
Vyote ni volkano yakhe. Mombasa imekaa juu ya matumbawe ya kale, kule ni milima iliyoanzia chini kabisa ya bahari ikapanda mpaka ikatoka juu ya maji. Upolu mlima wake mrefu wapita mita 1,100 kidogo tu, Savai'i wafika 1,858, unaitwa Silisili.

Lakini ukitaka kujua watu wako wapi uliza kwanza maji yako wapi, na hili mtu wa Mombasa halihitaji kuelezwa sana 😅 Savai'i sehemu kubwa ni lava changa, ina matundu, mvua ikinyesha maji yanazama chini yote, unaweza kutembea masafa usione mto. Upolu upande wa mashariki mawe ni ya zamani, yameshaoza yakawa udongo, kwa hivyo maji yanabaki juu na mito ipo. Apia, mji mkuu, mto Vaisigano unapita katikati ya mji na huko juu wanautumia kuzalisha umeme.

Afu Savai'i volkano haijalala. Mlima Matavanu uliripuka 1905 ukaendelea kutema lava hadi 1911, miaka sita! Lava ikateremka pole pole mpaka baharini ikafunika vijiji. Pale Saleaula iliingia kanisani ikajaa ndani, kuta bado zimesimama na sakafu ni jiwe jeusi lililoganda, watalii wanaenda kuliona. Watu wa vijiji vilivyofunikwa wengine walihamishiwa Upolu wakaanzisha kijiji kinaitwa Leauva'a, kipo mpaka leo. Kwa hivyo swali lako, kuna watu wako Upolu kwa sababu volkano iliwafukuza kwao, hiyo si nadharia.

Baharia_Kilindini
Maalim amesema vizuri ya maji ila amesahau bandari. Wazungu walipokuja kutafuta mbata wakakita Apia, na palipo na meli ndipo penye duka, afisi, mahakama, skuli, na vijana wote wa vijijini wanakuja hapo kutafuta kazi. Kampuni za Wajerumani zilipanda minazi Upolu mashamba kwa mashamba, mpaka wakaleta vibarua kutoka China manake Wasamoa wenyewe hawakutaka kufanya kazi ya kuamrishwa na kila mtu ana shamba la ukoo wake.

Lakini msidhani ni bandari ya maana kama Kilindini. Ghuba ya Apia iko wazi upande wa kaskazini, miamba kulia miamba kushoto, katikati kamlango. Machi 1889 manowari saba zilikuwa zimejazana humo, tatu za Marekani, tatu za Mjerumani, moja ya Muingereza, zinatunishiana misuli nani atachukua Samoa. Kikaja kimbunga cha kaskazini. Kila nahodha aliona hali ya hewa inaharibika na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka, kiburi tu. Meli sita zikatupwa kwenye miamba na ufuoni, mabaharia zaidi ya 140 wakafa, na Wasamoa ndio waliokuwa wanaingia kwenye mawimbi kuwavuta hao hao waliokuja kuwatawala. Iliyotoka ni ya Muingereza peke yake, Calliope, ilikuwa na injini yenye nguvu, ikapenya ule mlango pole pole na upepo unaipiga usoni. Mimi nimekaa melini, hiyo ya Calliope nikiisoma mwili wanisisimka.

Bi_Kaloleni
Haya na mimi nimalize ule ubishi wa baraza maana naona mwaruka ruka tu.

Ami zako wote wawili wana nusu ya ukweli. Mkataba wa 1899 uligawa Samoa, Mmarekani akachukua upande wa mashariki na bandari ya Pago Pago, ndo American Samoa mpaka leo, Mjerumani akachukua Upolu na Savai'i. Muingereza akajitoa akapewa mengine huko Tonga na Solomon, na humo humo ndani ya mkataba Mjerumani akakubali kuachia haki zake za kimahakama Zanzibar. Hebu fikiria, watu wa Ulaya wanapima Unguja na Samoa kwenye mzani mmoja na hakuna aliyeulizwa.

1914 vita vilipoanza New Zealand wakaingia wakachukua bila kupigwa risasi. Na hapo ndo mambo yakaharibika kabisa. Novemba 1918 meli inaitwa Talune ikatoka Auckland na wagonjwa wa homa ile kubwa ya dunia nzima, ikaruhusiwa kushusha abiria Apia bila karantini. Watu kama 8,500 wakafa, ni zaidi ya mmoja kwa kila watano, wazee na machifu wengi wakaenda pamoja. Upande wa Mmarekani, ni kisiwa cha jirani tu, gavana alifunga bandari na hakufa hata mtu mmoja. Nyie semeni tu kuwa ni bahati mbaya, mimi nasema ni uzembe wa wakubwa, na Helen Clark, waziri mkuu wa New Zealand wakati huo, alienda kuomba radhi mwaka 2002, sa angeomba radhi ya nini kama ni bahati?

Ndipo harakati za Mau, za Wasamoa kudai kujitawala, zikapata nguvu (si Mau Mau, hawa walikuwa wa amani). Tarehe 28 Disemba 1929 waliandamana Apia, polisi wakawapiga risasi, akauawa kiongozi wao Tupua Tamasese Lealofi III akiwa anawaambia watu wake watulie. Uhuru ulikuja 1 Januari 1962, karibu miaka miwili kabla yetu.

Mwana_Kibokoni
Shukran sana jamani, hii ya homa sikuwahi kuisikia. Kuna mtu alisema pale kuwa walibadilisha upande wa kuendesha gari, ni kweli ama porojo?

Baharia_Kilindini
Kweli kabisa. Walikuwa wanapita kulia toka enzi za Mjerumani, Septemba 2009 wakahamia kushoto kama sisi, wapate magari mitumba ya bei rahisi kutoka New Zealand, Australia na Japan. Wengine walienda mpaka mahakamani kupinga. Ikapita kitambo mwezi huo huo kukatokea tetemeko baharini kusini yao, tsunami ikapiga pwani ya kusini ya Upolu, Lalomanu na Saleapaga huko, Samoa pekee walikufa watu zaidi ya 140.

Maalim_Majengo
Na 2011 wakaruka siku. Walilala Alhamisi tarehe 29 Disemba wakaamka Jumamosi tarehe 31, Ijumaa haikuwepo, wamehamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambapo siku inabadilika, wafanye biashara siku moja na New Zealand na Australia. Saa hii huku kwetu saa mbili usiku, wao ni saa kumi na mbili asubuhi ya kesho.

Bi_Kaloleni
Ijumaa yote? Sasa Waislamu wa huko walisali wapi 😂

Maalim_Majengo
Ni wachache sana huko Bi, kule ni makanisa kila kijiji. Walofanya kazi za ofisi walilipwa ile siku ingawa haikuwepo, serikali ilisema hivyo.