Hivi sheria za kimataifa zinamfunga raia wa kawaida au ni za nchi kwa nchi tu?

Mdadisi
Wakuu naomba msaada, nimebishana na rafiki yangu hadi usiku wa manane. Yeye anasema sheria za kimataifa ni makubaliano ya serikali, mimi raia sijasaini popote kwahiyo haziwezi kunigusa, nikikosea nitashtakiwa kwa sheria za nchi yangu basi. Nikamuuliza mbona kuna watu wamepelekwa The Hague wakafungwa, akanijibu wale ni viongozi, ni kama nchi ndo ilishtakiwa. Nani yuko sahihi hapo?

Karani wa Zamani
Mkuu, pale The Hague kuna mahakama mbili na watu wanazichanganya kila siku. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, kesi zake ni nchi na nchi tu, mtu binafsi hashtaki wala hashtakiwi pale. ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ni tofauti kabisa, yenyewe haiwezi kushtaki nchi hata moja, inashtaki watu. Mkataba wa Roma wa 1998 ulioianzisha (umeanza kufanya kazi 2002) kifungu cha 25 kinasema wazi jukumu la jinai ni la mtu mwenyewe, na cha 27 kinasema cheo hakimkingi mtu. Kwahiyo hiyo ya kusema ni nchi ndo inashtakiwa siyo kweli.
Na hilo la "sijasaini", mbona hata sheria za nchi yako hujawahi kusaini?

Bi Mkweli
Hilo la viongozi tu ndo linaniuma maana linawapa watu kichaka cha kujificha. Baada ya vita kuu ya pili, kwenye kesi za Wanazi pale Nuremberg, Ujerumani, hawakuishia kwa mawaziri na majenerali, kulikuwa na kesi nzima ya madaktari waliowafanyia wafungwa majaribio, ikaanza 1946 na mwaka uliofuata saba wakahukumiwa kunyongwa. Halafu angalia mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha. Georges Ruggiu alikuwa mtangazaji wa redio RTLM, hana cheo serikalini, wala siyo Mnyarwanda, ni Mbelgiji, na mwaka 2000 alipewa miaka 12 kwa maneno aliyokuwa anayasema kwenye maiki wakati watu wanauawa. Maneno tu!

Msafiri99
Naongezea upande ambao hauna damu. Mimi begi langu lilifika limepasuka baada ya safari ya ndege ya nje, nikakaa karibu wiki mbili ndo nikaandika barua, shirika likanijibu nimechelewa. Kumbe Mkataba wa Montreal wa 1999 unataka malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Nilikosa haki yangu kwa mkataba ambao nilikuwa sijawahi hata kuusikia, na ile haki yenyewe ya kudai inatoka humo humo.

Karani wa Zamani
@Msafiri99 mfano mzuri sana huo. Ila mikataba haiingii kila nchi kwa njia moja, Uholanzi mkataba unaweza kutumika mahakamani moja kwa moja, Uingereza mpaka bunge litunge sheria kwanza. Hapo ndo jamaa wa Mdadisi ana kaukweli kidogo, mikataba mingi inamfikia raia kwa kupitia sheria ya nchi yake.

Mdadisi
Asanteni sana. Nimemtumia, sasa amehamia kwingine, anasema sawa zinamfunga mtu lakini nani atamkamata, ICC haina polisi.

Bi Mkweli
Kweli haina, inategemea nchi zikamate. Lakini mwambie siyo lazima iwe ICC. Hissène Habré aliitawala Chad 1982 hadi 1990, akakimbilia Senegal akaishi huko miaka na miaka, na waathirika wa mateso na mauaji ya utawala wake hawakunyamaza hata siku moja. 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha hapo hapo Dakar, na mahakama maalum iliyoundwa na Senegal pamoja na Umoja wa Afrika. Wale waathirika walikuwepo kutoa ushahidi.